Mkataba wa miezi 6, niko wa 5, nimepata kazi nzuri zaidi. Nivunje au nimalizie?

Msukuma_Mifumo

Wakuu habari za jioni. Niende moja kwa moja.

Natengeneza mifumo ya kompyuta kwa kujitegemea. Mwezi wa 3 nilisaini mkataba na kampuni moja ya usambazaji hapa Dar, niwajengee mfumo wa stoo na mauzo, unaisha mwisho wa mwezi wa 8. Milioni 2.5 kwa mwezi. Wiki iliyopita jamaa wa Nairobi niliyewahi kufanya naye kazi kanitafuta: miezi 8, hela karibu mara mbili, anataka nianze tarehe 1 mwezi ujao.

Hawa wa hapa wamenichosha. Tulikubaliana stoo na mauzo, sasa wameongeza ufuatiliaji wa magari na ripoti za tawi la Morogoro kwa hela ileile. Wananitaka nikae ofisini kwao saa 2 asubuhi hadi 11 jioni, nasaini daftari la mahudhurio kama wafanyakazi wao, natumia kompyuta yao. Na wananidaiwa miezi 2.

Shida ni mkataba. Wao wanaweza kuusitisha kwa notisi ya siku 14. Kwangu hakuna kifungu cha kutoka, ila imeandikwa nikiondoka kabla ya kumaliza nalipa milioni 5. Nilisaini bila kusoma vizuri, msinicheke. Mngekuwa mimi mngefanyaje?

chuma_cha_ubungo

Sepa mkuu. Mtu hakulipi halafu unamwonea huruma? Tena kabla hujaondoka badilisha nywila zote, mfumo uzime. Watakupigia wenyewe na hela mkononi.

Dada wa Mahesabu

Chuma, unampeleka mwenzio gereza la Segerea.

Msukuma, kwanza "wananidaiwa" ndiyo nini, wanadaiwa na wewe au wewe unadaiwa na wao? Maana hapo ndipo kesi ilipo. Halafu tupe tarehe. Ankara zipi hazijalipwa, ulizituma lini, na mkataba unasema walipe ndani ya siku ngapi?

Msukuma_Mifumo

Hahaha samahani dada, naandika kwa simu nikiwa kwenye daladala. Wao ndio wanadaiwa. Ya mwezi wa 5 nilituma tarehe 31, ya mwezi wa 6 nilituma tarehe 30. Mkataba unasema siku 14.

Dada wa Mahesabu

Leo ni tarehe 9 mwezi wa 7. Ya mwezi wa 5 ilitakiwa kulipwa tarehe 14 mwezi wa 6, hiyo imechelewa kweli. Ya mwezi wa 6 bado haijafika siku yake. Kwa hiyo deni lililoiva ni la mwezi mmoja. Usiende kwao na "miezi 2", watakutoa kwenye hoja dakika ya kwanza na utaonekana mtu wa kukuza mambo.

Na hiyo ya miezi ya nyuma waliyokulipa, walikata kodi ya zuio asilimia 5? Cheti chake unacho? Wengi mnaondoka kwa hasira halafu TRA ikifika wakati wa hesabu hamna karatasi ya kuonyesha kwamba kodi ilishakatwa. Ukishagombana na mhasibu wao hicho cheti utakisikia redioni.

Msukuma_Mifumo

Walikata. Cheti sina hata kimoja. Sikujua kama natakiwa kudai.

Mzee Bomba

Kijana, mimi ni fundi bomba, kompyuta zenu sizijui, lakini kuacha kazi katikati nakujua. Mwaka 2016 nilikuwa Dodoma kwenye jengo la ghorofa 3, nimeshafika ghorofa ya pili. Akatokea mtu wa Singida na kazi ya hosteli, hela nzuri. Nikafunga vifaa usiku, asubuhi nikapanda basi. Kule Singida nikakaa wiki 3 nasubiri advansi. Kila siku "kesho mzee". Mwenye hosteli hakuwa na hela, alikuwa anasubiri mkopo wa benki ambao haukutoka. Kurudi Dodoma nikakuta fundi mwingine ameshaziba njia zangu zote na kuanza upya, na asilimia 10 waliyokuwa wamenishikilia hadi mwisho wa kazi ikaenda hivyo hivyo.

Sasa nikuulize. Huyo wa Nairobi umesaini naye?

Msukuma_Mifumo

Shikamoo mzee. Bado, tumeongea WhatsApp tu. Ila ni mtu ninayemjua.

Mzee Bomba

Marahaba. Hata mimi wa Singida nilikuwa namjua.

kalamu_ya_wakili

Nimechelewa kuuona uzi huu. Niseme kwa ujumla, mkataba wenyewe sijauona.

Hiyo milioni 5 isikutie homa. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 74, inasema mkataba ukitaja kiasi cha kulipwa pale unapovunjwa, aliyevunjiwa anapata fidia ya haki isiyozidi kiasi hicho. Yaani milioni 5 ni dari. Mahakama inaweza kushuka chini yake, kupanda haiwezi. Ukiacha kazi ikiwa imekamilika asilimia 80 na umekabidhi kila kitu, si sawa na kuacha shimo.

Lakini na wewe usijidanganye kwamba ankara moja iliyochelewa inakupa ruhusa ya kuondoka kesho. Kwa kawaida haitoshi, labda mkataba useme hivyo. Andika barua ya madai, wape siku za kulipa, utunze nakala yenye muhuri wao wa kupokelea. Wasipolipa baada ya hapo, hoja yako inabadilika kabisa, kwa sababu wao ndio watakuwa wamekataa kutimiza sehemu yao.

Kilichonishtua zaidi ni hilo daftari la mahudhurio. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 ina vigezo vya kumdhania mtu kuwa mwajiriwa hata kama mkataba unamwita mtoa huduma. Saa zako zinapangwa na wao, vifaa ni vyao, umewafanyia kazi wastani wa saa 45 au zaidi kwa mwezi kwa miezi 3 iliyopita, unategemea hela yao peke yake. Kimojawapo kikiwepo, dhana inaanza kuwa wewe ni mwajiriwa, na mzigo wa kukanusha unakuwa wao. Wewe unavyo karibu vyote. Na kwenye sheria ya ajira, notisi ikiwa ndefu kuliko ile ya kisheria lazima iwe sawa kwa pande zote mbili. Mambo ya wao siku 14 na wewe kifungo hayakai vizuri huko. Sikwambii ukimbilie CMA, ile tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi. Nakwambia ujue hiyo karata ipo mfukoni kabla hujaenda kuongea nao.

Ndugu Chuma: kuzima mfumo wa mtu au kumfungia nje ya taarifa zake ni jambo la Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Mgogoro wa madai unaugeuza jinai, na wewe ndiye mshtakiwa.

chuma_cha_ubungo

Basi nimefuta kauli wakuu. Mambo ya jinai mimi simo.

Dada wa Mahesabu

Nakazia hapo kwa wakili. Ila Msukuma, naomba nikuseme kidogo kama dada yako. Soma ulivyoandika. Nairobi umeitaja mwanzo kabisa, hela mara mbili. Kutolipwa umekuweka mstari wa mwisho wa malalamiko, tena kwa kukosea. Ungekuwa umelipwa yote jana, bado ungetaka kuondoka, au siyo?

Kuondoka kwa sababu ya hela nzuri si dhambi, watu wana familia. Lakini ni jambo tofauti. Kama hulipwi, unadai. Kama unataka kuondoka, unaomba. Ukichanganya utaingia ofisini kwao umekunja uso kama mdai wakati unachotaka ni ruhusa, na utakosa vyote.

Msukuma_Mifumo

Dada umenigusa. Ni kweli, wangenilipa bado ningetaka kwenda.

Dada wa Mahesabu

Haya. Barua mbili basi, siku mbili tofauti. Ya kwanza ya deni na vyeti vya kodi, fupi, bila maneno ya Nairobi. Ya pili ya kuomba kumaliza mapema: kazi ya stoo na mauzo iliyoandikwa kwenye mkataba utaikabidhi yote tarehe fulani, na mambo ya magari na Morogoro yatafutiwe mkataba mwingine au mtu mwingine. Na kabla ya hiyo ya pili, mwambie wa Nairobi alete mkataba na malipo ya awali. Asipoleta, barua ya pili haiandikwi.

Mzee Bomba

Huyu binti angekuwepo Dodoma 2016.

Msukuma_Mifumo

MREJESHO. Samahani kwa kimya wakuu, zimepita wiki 2.

Barua ya deni niliipeleka, mhasibu akagonga muhuri huku akininunia. Siku ya 6 wakalipa ya mwezi wa 5, na vyeti vya kodi nimepewa vya miezi yote 3 waliyolipa. Ya mwezi wa 6 imepita siku yake tarehe 14, nimeshawakumbusha kwa maandishi.

Wa Nairobi nilimwomba mkataba na asilimia 30 ya mwezi wa kwanza. Mkataba kaleta siku ya pili. Hela hajaleta. Anasema mteja wake mkubwa anasaini mwisho wa mwezi, na tarehe ya kuanza imesogea hadi 15 mwezi wa 8.

Barua ya pili iko kwenye kompyuta, yangu siyo yao, haijachapwa. Daftari la mahudhurio nimeacha kusaini tangu Jumatatu, na hakuna aliyeniuliza.