Kraków kwa mfuko mdogo, bila nguruwe: wajuzi nisaidieni

Kaskazi_Kisauni
Asalaam aleikum jamaa. Novemba mimi na mke wangu twaenda Polandi, in shaa Allah. Twatua Warsaw Alhamisi asubuhi, siku hiyo hiyo twapanda treni hadi Kraków, twakaa mpaka Jumatatu. Viza na chumba tayari, ila chumba hakina kifungua kinywa na mfuko si mnene. Usafiri wa mjini unalipiwaje bila kupigwa faini? Na tutakula wapi kwa bei ya watu wa kawaida? Nguruwe hatuli, na mafuta yake pia hatutaki. Teksi sitaki hata kuzisikia.

MzeeWaBandarini
Waaleikum salaam. Nianze na treni, maana hapo ndipo pesa hupotea bure. Tiketi ya Warsaw–Kraków nunua mapema kwenye tovuti ya PKP Intercity (kampuni ya treni za masafa marefu), kwani mara nyingi bei hupanda siku zikikaribia. Treni ni za aina mbalimbali: EIP ndiyo ya kasi na ndiyo ghali. IC na TLK ni nafuu, na kwa njia hii haziachwi nyuma sana: EIP ni kama saa mbili na nusu, IC kwa kawaida haizidi saa tatu. Usipande EIP huna tiketi ukidhani utalipia ndani, utaongezwa malipo mazito. Kisha acha nafasi ya saa tatu hivi baada ya ndege kutua. Tiketi yako ni ya treni ile moja, ikikuacha imekuacha.

Steshoni, bango la manjano ni la treni zinazoondoka (odjazdy), jeupe ni la zinazowasili. Mtego wenyewe uko hapa: *peron* ni jukwaa, *tor* ni reli. Kila jukwaa lina reli upande huu na huu, na namba hazifuatani. Ukisoma "peron 3, tor 5" nenda jukwaa la tatu, halafu utafute upande wenye reli namba 5. Wageni huiona ile 5 wakakimbilia jukwaa la tano, treni ikaondoka wakiitazama.

Kutoka uwanja wa ndege wa Chopin panda basi 175 hadi katikati ya mji. Tiketi ni ile ile ya kawaida ya mji, hakuna nauli ya wageni. Tiketi huuzwa kwa muda: Warsaw kuna ya dakika 20 na ya dakika 75, Kraków pia ziko za dakika na za saa 24. Chukua yenye muda wa ziada, foleni ya magari haijali tiketi yako.

Tiketi ya karatasi ukishaingia tu itie kwenye kisanduku kidogo kilicho karibu na mlango (*kasownik*), ichapwe tarehe na saa. Isipochapwa ni kama huna. Hakuna makanga wa kubembeleza, na wakaguzi huvaa nguo za kiraia. Ile ya mashine ya ndani ya tramu itazame kwanza: ikiwa ina saa tayari, usiitie tena. Programu ya Jakdojade huonyesha njia na kuuza tiketi, lakini tiketi hiyo iwashe unapopanda, si unapomwona mkaguzi.

Kraków yenyewe usiinunulie tiketi ya siku nzima kabla ya kupiga hesabu. Steshoni hadi uwanja mkuu wa Rynek ni robo saa kwa miguu, na Wawel (kasri la wafalme) na Kazimierz (mtaa wa kale wa Wayahudi) pia mwafika kwa miguu.

UmmuSalim_Tudor
Kwa chakula tafuteni *bar mleczny*. Ni mikahawa ya tangu enzi za ukomunisti, na serikali bado huchangia gharama za vyakula vyake. Unasoma ubao, unalipa kaunta, unapeleka risiti dirishani, ukiitwa unachukua sahani yako. Ukimaliza rudisha vyombo mwenyewe. Mingi hufunga mapema jioni, kwa hiyo mlo mkubwa uwe mchana.

Agizeni *pierogi ruskie*, ni kama sambusa ya kuchemshwa, ndani viazi na jibini. Jina halina nyama lakini msidanganyike: juu hunyunyiziwa vipande vya mafuta ya nguruwe (*skwarki*). Semeni "bez skwarek" kabla ya kulipa, na muulize kitunguu kimekaangwa na nini. *Smalec* ni mafuta ya nguruwe. *Naleśniki z serem* (chapati nyembamba za jibini tamu) hazina shida hiyo. Supu ya *żurek* iacheni, kwa kawaida ina soseji. Maneno ya kukariri: wieprzowina, boczek, szynka, yote nguruwe. Kurczak ni kuku, wołowina ng'ombe.

Samaki nao wana ujanja wa bei. Ubaoni huandikwa zloti 15, chini kwa herufi ndogo "100 g". Kipande cha gramu 350 ni zloti 52 na nusu. Muulize uzito kabla hakijakaangwa.

Kaskazi_Kisauni
Shukran sana. Na kebab? Halafu pesa, nibebe nini?

Mwembe_Tayari
Kebab ziko kila kona, ila neno kebab si cheti cha halali. Uliza nyama inatoka wapi, na kisu ni kile kile kinachokata nguruwe au la. Mimi ningekula *zapiekanka* pale Plac Nowy, Kazimierz: nusu mkate mrefu, uyoga na jibini. Iagize ya kawaida, zile nyingine hutiwa ham.

Pesa ni zloti, si yuro. Shilingi ziache Mombasa, beba yuro taslimu na kadi. Mashine ya ATM ikikuuliza kama ikukatie kwa sarafu ya kwenu, kataa, uchague zloti. Kwenye kantor (duka la kubadilisha pesa) linganisha bei ya kununua na ya kuuza. Pengo likiwa kubwa, toka.

Jambo ambalo wenzangu hawakuligusa: Jumapili nyingi maduka makubwa hufungwa kwa sheria, Biedronka na Lidl wamo. Nunueni mkate, mayai na matunda Jumamosi. Żabka (vioski vya mtaani) nyingi huwa wazi, kwa bei ya juu kidogo. Tarehe 1 na 11 Novemba ni sikukuu, hali ni hiyo hiyo.

Maji ya bomba yanyweka. Mkinunua ya chupa ya plastiki yenye alama ya *kaucja*, kuna amana ya groszy 50 (nusu zloti), mtarudishiwa mkirejesha chupa tupu. Msiiponde wala kubandua karatasi, mashine ya dukani itaikataa.