Daktari hajamvua mtoto nguo, kaandika "mzima" kwenye kadi. Kapima nini sasa?

Wakuu, uzi ni mrefu na nina hasira. Mwenye haraka apite.

Mtoto wetu alizaliwa salama, kilo 3.2, akalia, akanyonya, tukaruhusiwa. Tukaambiwa tumrudishe baada ya siku chache aangaliwe. Tukamrudisha. Kilichofanyika mle chumbani ndicho kilichonileta hapa.

Mke wangu kaingia na mtoto, mimi nyuma yake. "Baba, subiri nje." Sikutoka. (Hilo nalo ni uzi wake peke yake: baba anatakiwa kwenye kulipa na kubeba mabegi, ila kwenye kusikia hali ya mtoto wake anaambiwa akakae kwenye benchi.) Mtoto akalazwa kwenye mizani alivyo: shali, sweta, suruali, soksi, nepi imeshalowa. Mizani ikasoma kilo 3.3, nesi akaandika. Daktari akaitazama ile namba, akasema anaongezeka vizuri. Akafungua shali kidogo, akaweka stetoskopu juu ya sweta. Juu ya sweta, wakuu! Akauliza, "Ananyonya?" Mke wangu akaanza kueleza kwamba tangu juzi mtoto analala mno, akiwekwa kwenye ziwa anavuta mara chache anasinzia. Hakumaliza. "Watoto wachanga hulala, mama. Una bahati umepata mtoto mpole." Mhuri ukagongwa. Mzima, rudini wiki ya sita. Anayefuata!

Tukarudi nyumbani na mtoto wetu "mpole".

Kesho yake akaja dada wa mke wangu kumwona mtoto. Shemeji huyu ni mkunga. Hakufanya jambo lolote la ajabu wala hakuwa na mashine. Alinawa mikono, akafunga mlango upepo usiingie, akamvua mtoto kila kitu mpaka nepi, akamsogeza dirishani penye mwanga wa mchana. Akabonyeza ngozi ya paji la uso kwa kidole, akaachia, akatazama rangi inayobaki kabla damu haijarudi. Akafanya hivyo kifuani, tumboni, pajani. Akafungua ufizi. Akageuza viganja, kisha nyayo. Akauliza mara ya mwisho kukojoa ilikuwa saa ngapi na mkojo ulikuwa na rangi gani. Kisha akaniambia, bila kupandisha sauti, "Shemeji, tafuta usafiri."

Nyayo zilikuwa za njano. Nasema nyayo. Tulikuwa tumempeleka kwa daktari jana yake, na miguu ilikuwa ndani ya soksi muda wote.

Kule tulikomkimbiza (kituo kingine) walimpima akiwa mtupu: kilo 2.8. Fanyeni hesabu wenyewe. Mtoto wa kilo 3.2 kapoteza gramu 400, yaani zaidi ya asilimia 12 ya uzito aliozaliwa nao, na kadi yake ina mhuri unaosema anaongezeka vizuri. Kilichoongezeka ni shali na mkojo.

Kwa wasiojua, kupungua kidogo siku za mwanzo ni kawaida. Mtoto anatoa maji na kile choo cheusi cha kwanza huku maziwa ya mama bado yanajaa. Akifika karibu asilimia 10 ndipo watu wanatakiwa kushtuka, wakae na mama, wamtazame mtoto akinyonya kweli kweli, waone anavyoshika chuchu na kama anameza. Kisha uzito unarudi, na ikifika wiki mbili wengi wameshafika pale walipozaliwa au wamepita. Sasa utaijuaje hiyo asilimia kama uzito wa kuzaliwa ulichukuliwa mtoto akiwa mtupu na huu wa pili umeuchukua akiwa na nguo za baridi? Namba hizo mbili hazilinganishwi. Hata fundi cherehani hakupimi kiuno juu ya koti.

Na yale manjano. Watoto wengi wachanga wanapata, najua, na wengi yanaisha yenyewe. Hutokea siku ya pili au ya tatu, yanapanda, halafu yanashuka. Lakini yakipanda mno, ile bilirubini, yaani rangi ya njano iliyomo kwenye damu, inaingia kwenye ubongo, na ikishauharibu hairudi nyuma: kuna watoto wanapoteza usikivu, kuna wanaobaki na viungo visivyowatii maisha yao yote. Kabla ya kufika huko mtoto anatoa ishara. Analegea. Analala kupita kiasi. Ananyonya vibaya, na kwa kuwa hanyonyi hapati choo cha kutosha cha kuitoa hiyo bilirubini, basi manjano yanazidi na usingizi unazidi. Huo ndio upole tuliopongezwa nao.

Mke wangu alilisema hilo jambo kwa mdomo wake, mbele ya daktari, akakatizwa. Hii ndiyo inayoniuma kuliko mizani. Unaweza kukosa vifaa, ukakosa muda, ukakosa hata umeme, lakini mama aliyekaa na mtoto usiku kucha anakwambia "huyu hanyonyi kama mwanzo", na wewe unamjibu kwa utani?

Halafu kuna kitu shemeji alinieleza tukiwa tumekaa kwenye korido, tukisubiri majibu ya damu. Ile taa ya bluu wanayowaweka watoto wa manjano, chanzo chake ni nesi. Mwaka 1956, hospitali ya Rochford, Uingereza, nesi mmoja anaitwa Jean Ward alikuwa na kawaida ya kuwatoa watoto njiti nje wapate hewa na jua. Siku moja akawafunulia madaktari mtoto ambaye mwili wote ulikuwa umepauka isipokuwa kipande kimoja cha pembetatu, cha njano iliyokolea. Pale ndipo kona ya shuka ilikuwa imefunika. Wengine wangeona uchafu wa shuka. Yeye aliona kwamba mwanga umeondoa manjano kila mahali ulipofika. Daktari Richard Cremer na wenzake wakalifanyia kazi, wakatangaza matokeo mwaka 1958, na leo mtoto wangu kalala chini ya taa hiyo, kafunikwa macho, kavaa nepi tu. Tiba nzima imepatikana kwa sababu mtu alimfunua mtoto akamtazama.

(Na kabla hamjaniletea habari za "manjano hata sisi tulianikwa juani tukapona": jua si kipimo na si tiba ya kutegemea. Mtoto mchanga uchi juani anaungua au anapoa, na wakati huo hujui namba yake imefika wapi. Macho matupu hayatoshi kukisia kiwango, hasa ngozi ikiwa nyeusi. Ndiyo maana wanatazama weupe wa macho, ufizi, viganja na nyayo, kisha wanachukua damu.)

Nilidhani hasira yangu ingeishia kwenye manjano na uzito. Nikamwomba shemeji anitajie vingine ambavyo yule daktari alitakiwa kuviangalia. Akaanza, na mimi nikazidi kuchoka.

Nyonga. Mtoto analazwa chali, mapaja yanakunjwa na kufunguliwa taratibu pande mbili, mkono unasikiliza kama kichwa cha mfupa kinachomoka au kinarudi. Nyonga mbovu ikigunduliwa mapema, mara nyingi mtoto anafungwa mikanda laini kwa wiki kadhaa basi. Ikigunduliwa ameshaanza kutembea kwa kuchechemea, mnaongelea upasuaji. Huwezi kulifanya hili mtoto akiwa ndani ya suruali.

Mapigo ya kwenye kinena, kushoto na kulia. Yakiwa dhaifu au hayapo, huenda mshipa mkuu unaotoka kwenye moyo umebanwa mahali. Mtoto wa namna hiyo anaweza kuonekana hana neno siku za kwanza, kwa sababu ule mshipa wa karibu na moyo alioutumia akiwa tumboni mwa mama bado haujajifunga, ukijifunga anazidiwa ghafla. Kinena kiko ndani ya nepi.

Macho, kwa taa maalumu: mboni irudishe mng'ao mwekundu. Ukirudi mweupe, au usirudi, inaweza kuwa mtoto wa jicho, inaweza kuwa saratani ya jicho. Hapa nguo hazihusiki, ila taa haikuwashwa. Kaakaa, kidole kinaingia mdomoni. Kitovu kama kina wekundu unaosambaa kwenye ngozi, au usaha. Utosi. Uti wa mgongo mpaka chini. Korodani. Njia ya haja kubwa ipo wazi au la, maana wapo wanaozaliwa bila. Mzunguko wa kichwa kwa futi kamba. Haya mengi yanaangaliwa kwa mikono na macho, kwa dakika zisizozidi za kunywa chai.

Tusidanganyane. Mtoto wetu hakuchunguzwa, kadi ndiyo iliyochunguzwa.

Jambo la pili, hiyo "rudi wiki ya sita". Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 uko wazi: baada ya yale masaa 24 ya kwanza, mama na mtoto waonwe angalau mara tatu tena, kati ya saa 48 na 72, kati ya siku ya 7 na ya 14, na wiki ya sita. Ile ya katikati nani aliifuta? Maana ndiyo inayoonyesha kama uzito umerudi, kama manjano yameisha, kama kitovu kimepona. Kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa, mwaka 2022 watoto milioni 2.3 walikufa kabla ya kumaliza mwezi wao wa kwanza, na wengi wa wanaokufa mwezi huo hufa wiki ya kwanza. Halafu unampa mtu tarehe ya wiki ya sita, bila hata karatasi ya dalili za hatari!

NIMERUDI, nimesoma majibu yenu. Mtoto anaendelea vizuri, namba inashuka, ameanza kulia kwa njaa na sijawahi kufurahia kelele kiasi hiki. Kwa baadhi yenu:

Aliyesema "madaktari wamezidiwa, mna foleni ya kina mama mia": nakubali wamezidiwa, na sijaomba wampe mtoto wangu nusu saa. Mama mwenyewe anaweza kumvua mtoto akiwa wa pili kufika kwenye mizani, chumba kikiwa na joto na dirisha limefungwa. Nani kazidiwa kiasi cha kushindwa kusema "mama, mvue"? Na kama dakika zimebaki mbili tu, basi zitumike kwa mtoto, mhuri usubiri.

Aliyesema nitaje jina la hospitali: sitaji. Nimepeleka barua kwa mganga mfawidhi, na nakala ya kadi yenye kilo 3.3 pamoja na ya 2.8. Nasubiri majibu. Wakikaa kimya nitapanda ngazi ya juu yao.

Aliyesema "mtoto akivuliwa anapata baridi": anavuliwa, anaangaliwa, anavikwa. Kwa kutoangaliwa wangu alipata kitu kibaya kuliko baridi.

Walioomba dalili za hatari, nilizoandikiwa nikiwa pale ni hizi, na yoyote kati yake ni ya kwenda leo, si kliniki ijayo: hanyonyi au ameacha kunyonya vizuri, degedege, anapumua mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, kifua kinabonyea kwa ndani anapovuta pumzi, hajisogezi mpaka asukumwe, joto la 37.5 au zaidi, au mwili wa baridi chini ya 35.5. Na manjano yanayotokea ndani ya masaa 24 ya kwanza, au yaliyofika viganjani na nyayoni siku yoyote ile.

Na wewe dada uliyeandika pale chini, nimekutafuta inbox hujajibu, kwa hiyo naandika hapa. Unasema wako ana wiki tatu, manjano bado yapo, ananenepa, ila choo chake kimepauka karibu kuwa cheupe na mkojo unatia nepi rangi, nawe umeambiwa ni maziwa ya mama, usubiri wiki ya sita. Usisubiri. Manjano ya maziwa ya mama yapo, lakini hayapaushi choo. Choo cheupe na mkojo wa rangi huenda ni njia za nyongo zimeziba, na upasuaji wake, ule ulioanzishwa na Morio Kasai wa Japani, hufanya kazi vizuri zaidi mtoto akiwa hajafikisha siku 60. Ukipoteza wiki tatu nyingine kwenye hizo 60 umepoteza nyingi. Nenda kesho asubuhi, funga nepi yenye choo kwenye mfuko uende nayo, mwonyeshe daktari kwa macho yake, na uombe damu ipimwe bilirubini za aina zote mbili, siyo jumla peke yake. Akikwambia mtoto mzima kabla hajamvua, kaa hapo hapo kwenye kiti.