Kwa nini walenga shabaha wa polisi bado wanatumia bunduki ya bolti?

Mdadisi:
Ndugu wanajukwaa, kuna jambo linanitatiza kuhusu bunduki za walenga shabaha wa polisi. Bunduki inayojikoki yenyewe imekuwapo kwa miongo mingi, lakini vikosi vingi bado vinatumia ile ya bolti, ambayo mpigaji huinua mpini, huuvuta nyuma ili ganda litoke, kisha huusukuma mbele kabla ya kupiga tena. Je, ni suala la bei tu?

Fundi Mtutu:
Bei imo, lakini haiji kwanza. Ukifyatua bunduki ya bolti, kinachosogea ni triga, pini na risasi yenyewe. Bolti, yaani kile chuma chenye mpini, imefungwa nyuma ya chemba, pale risasi inapokaa, na haitafunguka mpaka mkono wako uifungue. Katika bunduki inayojikoki, vyuma vizito huanza safari ya kwenda na kurudi kwa kila risasi, na ni kazi ngumu, tena ya gharama, kuvifanya virudi mahali pale pale kila mara.

Tazama Remington 700, iliyotoka mwaka 1962 ikiwa bunduki ya wawindaji. Toleo la polisi lilipewa mtutu mnene wa takriban sentimita 66 ambao haugusi kitako, yaani ule mwili unaoubeba mtutu na kushikwa na mpigaji. Ukitaka kuhakikisha kwamba mtutu wa namna hiyo uko huru, pitisha kipande cha karatasi kati yake na kitako: kinapaswa kuteleza bila kukwama hadi karibu na chemba. Kikikwama, kitako kikivimba kwa unyevu au kikishikwa kwa nguvu kitausukuma mtutu, na risasi itahama. Kipimo kinachodaiwa kwa kawaida ni dakika moja ya pembe au chini yake, yaani risasi zote zitue ndani ya sentimita 2.9 hivi kwa umbali wa mita 100.

Msomaji wa Historia:
Naafiki, ila tusisahau Munich, ambako wanamichezo wa Israeli walitekwa wakati wa Olimpiki. Tarehe 5 Septemba 1972, katika uwanja wa ndege za kijeshi wa Fürstenfeldbruck, polisi waliweka wapigaji watano dhidi ya watekaji wanane, wakiwa na bunduki za kijeshi za G3 zisizo na darubini, bila redio za kuwasiliana na bila mafunzo ya kazi hiyo. Baada ya maafa yale Ujerumani Magharibi iliunda GSG 9, kikosi maalumu cha polisi cha kupambana na ugaidi, na kampuni ya Heckler & Koch ikatengeneza PSG1, bunduki inayojikoki, kwa hoja kwamba polisi anaweza kukabiliwa na walengwa wengi kwa mpigo. Shabaha yake ni ya kusifiwa, lakini ina uzito wa kilo 8 na ushei, na bei yake iliwashinda wengi. Hata hivyo, kwa maoni yangu, waliokosekana pale Munich ni wapigaji waliofunzwa kuliko bunduki.

Mkufunzi Mstaafu:
Mwanajeshi anaweza kukosa, akarekebisha na kupiga tena. Polisi mwenye mateka mbele yake mara nyingi ana risasi moja, na hiyo hutoka katika mtutu baridi, yaani ambao bado haujapigwa. Niliwahi kufundisha kwa bunduki moja ambayo kila asubuhi risasi yake ya kwanza ilitua sentimita mbili juu ya zilizofuata. Mwanafunzi aliyekuwa akiandika daftari lake alilijua hilo. Aliyepuuza daftari alishangaa kila siku.

Jambo jingine ni umbali. Polisi hupiga karibu kuliko watu wanavyodhani, mara nyingi chini ya mita 100, na darubini iko sentimita 4 au 5 juu ya mtutu. Kwa hiyo bunduki iliyorekebishwa kwa mita 100, ikipigwa kwa mita 10, hutua sentimita kadhaa chini ya alama.

Mdadisi:
Nashukuru, nimeelewa. Na je, kioo cha dirisha kikiwa katikati?

Mkufunzi Mstaafu:
Kioo huweza kuipindisha risasi au kuivunja vipande, hasa ikikipiga kwa mshazari. Ndiyo maana vikosi vingine huweka wapigaji wawili wanaofyatua kwa hesabu moja, wa kwanza akikivunja kioo na wa pili akipata njia. Na hapo, ndugu yangu, kasi ya kukoki haina nafasi kabisa.