Mwaka wa kwanza sayansi ya siasa: Zanzibar ni dola au si dola? Naombeni ushauri

Chuma cha Pangani: Wakuu, heshima kwenu. Madesa nayakariri vizuri tu: dola, serikali, taifa, uhalali. Swali likigeuzwa kidogo, natoka kapa. Semina ijayo tunajadili "Je, Zanzibar ni dola?" Naona ina rais, bendera, wimbo na Baraza la Wawakilishi. Naanzia wapi?

Dada Semina: Mdogo wangu, acha kukariri, pima. Chukua vigezo vinne vya Mkataba wa Montevideo wa 1933: watu wa kudumu, eneo linalojulikana, serikali, na uwezo wa kuhusiana na madola mengine. Vitatu Zanzibar inapita bila jasho. Shughuli iko kwenye cha nne. Desemba 1963 ilipata kiti chake Umoja wa Mataifa; baada ya Muungano wa Aprili 1964 kikabaki kimoja cha nchi nzima. Halafu soma sakata la OIC, jumuiya ya nchi za Kiislamu: Zanzibar ilijiunga, na mwaka 1993 ikajitoa, maana mambo ya nje ni ya Muungano. Hapo una insha.

Kibwebwe: Bendera na wimbo visikubabaishe, hata Simba na Yanga wanavyo.

Mzee wa Kuhoji: Mimi ningeanza na Max Weber, mwanasosholojia wa Kijerumani, 1919: dola ndiyo pekee yenye haki inayokubalika ya kutumia nguvu ndani ya eneo lake. Sasa uliza, jeshi linamsikiliza nani? Amiri Jeshi Mkuu ni Rais wa Muungano, na polisi ni wa Muungano. Ila usiwasahau KMKM (Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo) na JKU (Jeshi la Kujenga Uchumi), ni vikosi vya SMZ, yaani Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Watakubana hapo.

Mpemba wa Chake: Taratibu jamani. Katiba ya Zanzibar, tangu marekebisho ya 2010, inasema Zanzibar ni miongoni mwa nchi mbili zinazounda Jamhuri ya Muungano. Mhadhiri akikutupia hilo, uwe na jibu.

Chuma cha Pangani: Kumbe serikali inaweza kuwepo bila kuwa dola?

Dada Semina: Naam. Na kinyume chake pia: Somalia 1991 serikali ilianguka, lakini uanachama wake Umoja wa Mataifa haukufutwa. Ukiielewa Somalia, hutachanganya tena dola na serikali.

Chuma cha Pangani: Nashukuru sana dada. Mwenye nakala ya Katiba ya Zanzibar yenye marekebisho hayo anirushie.

Mpemba wa Chake: Angalia ujumbe wako. Anza na kifungu cha kwanza na cha pili.