Malalamiko: Vituo vya Marekani viache kutuanzishia tamthilia visizokusudia kuzimaliza

Wanajamvi, salaam kwenu nyote.

Ninaandika nikiwa Moshi, na nina hasira ambayo sasa imefikisha wiki mbili bila kupoa. Anayetaka kuniambia kwamba hizi ni tamthilia tu namwomba asome kwanza hadi mwisho, kwa sababu mimi na mama yangu tumetoa jioni ishirini na mbili kwa hadithi ambayo wenyewe walioianzisha waliamua kuitupa, na sijaona mtu akiwaambia wazi kwamba huko ni kumkosea heshima mtazamaji.

Mama yangu ana miaka 71. Tangu magoti yalipomkataza kupanda shambani Kibosho anakaa nami hapa Majengo, na kila jioni baada ya chakula tunatazama tamthilia za Kimarekani, mimi nikimtafsiria pale Kiingereza kinapokwenda mbio. Hatazami kwa kupoteza muda. Anawajua wahusika wote kwa majina na kwa makosa yao, anakumbuka nani alimdanganya nani msimu uliopita, na nikikosea kutafsiri ananisahihisha kwa kuangalia uso wa mwigizaji. Sizoni tunazichukua kwa kijana mmoja mwenye kibanda karibu na Soko la Mbuyuni, ambaye anatuingizia kwenye flashi.

Kijana huyo ndiye aliyetupa FlashForward, tamthilia ya kituo cha ABC iliyoanza kurushwa Septemba 2009. Watu wa dunia nzima wanapoteza fahamu kwa wakati mmoja, kwa sekunde 137, na katika sekunde hizo kila mmoja anaona kipande cha maisha yake ya miezi sita ijayo. Mpelelezi wa FBI aliyeacha pombe anajiona akinywa tena. Mwenzake haoni kitu chochote, na taratibu anaanza kuelewa kwamba huenda siku hiyo itamkuta ameshakufa. Mama alimchukua huyo wa pili kama mtoto wa jirani. Kila jioni kabla sijawasha alikuwa anauliza kama yule kijana asiyeona kitu bado yuko hai, na uchunguzi ulipofika Somalia alisogeza kiti mbele, kwa kuwa ilikuwa mara ya kwanza kuona tamthilia ya wazungu ikitafuta jibu upande wetu huu wa dunia.

Usiku wa sehemu ya 22 alikuwa na ungo wa maharage mapajani. Watu wakapoteza fahamu kwa mara nyingine, wakaonyeshwa mambo mapya ya mbele ambayo hatukuyaelewa, jengo la FBI likalipuka mpelelezi akiwa ndani, na picha ikazimika. Mama alisubiri, mkono wake ukiwa bado ndani ya maharage. Kisha akasema, "Weka inayofuata, mwanangu." Nilichomoa flashi, nikaipangusa, nikairudisha, nikatafuta. Hapakuwa na inayofuata. Asubuhi yake nilikwenda kibandani kabla ya kwenda kazini, nikidhani kijana alisahau kuniwekea msimu wa pili. Alifungua kompyuta yake, akanionyesha faili zote ishirini na mbili zikiwa zimejipanga, akasema, "Mwalimu, hiyo walishaikata. Iliishia hapohapo." Walishaikata tangu Mei 2010.

Niliporudi jioni nilimweleza mama. Alinyamaza kwa muda, kisha akauliza kama aliyekuwa anasimulia alifariki. Naomba mlitafakari swali hilo. Mtu aliyekua akisimuliwa hadithi jikoni usiku, moto ukiwa katikati na watoto wameuzunguka, hajui sababu nyingine inayoweza kumfanya msimulizi anyamaze katikati ya kisa wakati wasikilizaji wake wako macho na wanamsubiri.

Nimefuatilia namna mambo haya yanavyokwenda, na kadiri ninavyoelewa ndivyo ninavyozidi kukasirika. Kwa utaratibu wa miaka mingi vituo vikubwa vya Marekani, yaani ABC, CBS, NBC na Fox, vinafungua msimu mwezi Septemba na kuufunga Mei, na katikati ya Mei ndipo vinapowaita watangazaji wa biashara na kuwaonyesha tamthilia zitakazorudi. Mara nyingi sehemu ya mwisho ya msimu inakuwa imeshaandikwa na kupigwa picha kabla waandishi hawajaambiwa kama watarudi. Kwa hiyo wanafunga msimu kwa mlipuko, kwa risasi isiyojulikana imempata nani, kwa mlango unaofunguliwa bila kuonyeshwa aliyeingia, wakitumaini kwamba kituo kitaona aibu kuiacha hadithi ikining'inia. Kituo hakioni aibu. Kinahesabu watazamaji, kinaona hawatoshi, kinakata. Anayebaki akining'inia ni mtazamaji, ambaye hakuwa na sauti katika mvutano huo.

Na msiniambie kwamba haiwezekani kufanya vinginevyo. Mwezi Mei 2007 ABC hiyohiyo ilikubaliana na watayarishaji wa tamthilia ya Lost kwamba hadithi ingefungwa mwaka 2010, wakajua zimebaki sehemu ngapi, wakaandika wakielekea huko. Wapo wanaouchukia mwisho wa Lost, na mimi mwenyewe nina manung'uniko yangu juu yake, lakini ni mwisho, ulitolewa na wenye hadithi, na mtu anaweza kusimama akabishana nao. This Is Us ya NBC ilianza 2016 na kumalizika 2022 ikiwa na misimu sita, na wakati wa kuifunga waandishi walijua kwamba wanaifunga. Mama alilia siku tatu kwa ajili ya tamthilia ile, na hakuna hata siku moja aliyolalamika kwamba ameibiwa.

Linganisheni na Manifest. NBC iliianza Septemba 2018: ndege inatoka Jamaika kwenda New York, inatua, na abiria wanaambiwa kwamba miaka mitano na nusu imepita ilhali wao wameona saa chache tu. Fumbo kubwa namna hiyo halianzishwi na mtu asiyekusudia kulifumbua. Juni 2021, baada ya misimu mitatu, NBC ikaikata. Iliokolewa kwa sababu siku hizohizo ilikuwa imewekwa Netflix, huduma ya kutazama kwa mtandao, na watu wakaitazama kwa wingi, hadi Netflix ikaagiza sehemu 20 za kuimalizia, na mwisho wake ukaonekana Juni 2023. Kuna wanaotumia mfano huo kusema kwamba mfumo unafanya kazi. Mimi nauona ni ushahidi wa kosa. Watazamaji walikuwepo, wengi kupita kiasi, na kituo kilichoanzisha hadithi hakikuwaona kwa sababu kilikuwa kinatazama hesabu zake za matangazo.

Hesabu zenyewe ndizo zinazonichoma zaidi. Kwa miongo mingi bei ya matangazo kwenye vituo hivyo imetegemea zaidi watazamaji wa miaka 18 hadi 49. Maana yake ni kwamba hata kama mama yangu angekuwa anaishi Chicago, analipa kodi ya nyumba huko na kutazama kila sehemu kwa saa yake, bado angehesabiwa kama mtu wa ziada, kwa sababu ya miaka yake. Mtazamaji makini kuliko wote ninaowafahamu hana uzito katika mizani yao.

Ndiyo maana Matlock mpya ya CBS, iliyoanza Septemba 2024, ilitugusa sana hapa nyumbani. Kathy Bates anaigiza mwanasheria mwanamke wa miaka ya sabini anayeingia katika kampuni kubwa ya sheria New York na kupita kila mahali bila kutiliwa shaka, kwa kuwa hakuna anayemwangalia mzee mara mbili, kumbe amekuja kutafuta ni nani aliyeficha nyaraka kuhusu dawa za kutuliza maumivu, dawa zilizompeleka binti yake kaburini. Mama aliifahamu mbinu hiyo kabla sijamaliza kuitafsiri. Ni kazi nzuri, imeandikwa kwa subira, na kila sehemu inafunga kesi yake huku ile siri kubwa ikisogea. High Potential ya ABC, ya mwaka huohuo wa 2024, nayo ina mfanyausafi mwenye watoto watatu ambaye akili yake inawashinda wapelelezi. Ni nyepesi zaidi, lakini inapendeza. Ninazitazama zote mbili nikiwa na hofu, na ni vibaya kwamba mtu anayependa tamthilia mpya lazima aipende kwa hofu.

Hofu hiyo haitoki hewani. Mwezi Mei 2025 NBC ilikata Found, tamthilia ya misimu miwili tu kuhusu mwanamke anayetafuta watu waliopotea ambao polisi hawawatafuti, wengi wao wakiwa weusi na maskini. Ilikata pamoja nayo The Irrational na Suits LA. Oktoba mwaka huo mpira wa kikapu wa NBA ukarudi NBC na kuchukua jioni za Jumanne. Mpira una wapenzi wake na siwachukii, lakini kama kituo kilijua tangu mapema kwamba jioni hizo zimeshauzwa, kwa nini hakikumpa mwandishi sehemu moja ya kuagia?

Wakati huohuo zinazorudi kila mwaka hazijui kufa. Grey's Anatomy ilianza Machi 2005. Hospitali ile imeshapata bomu, ajali ya kivuko, mtu mwenye bunduki akiua wafanyakazi na ajali ya ndege, na tangu mwaka 2015, mume wa Meredith, daktari aliye mhusika mkuu, alipofariki, hadithi iliyotufanya tuanze kuitazama ilikwisha, ila taa hazijazimwa. Ninaipenda, na kwa kuwa ninaipenda ninasema istarehe. Law & Order: Special Victims Unit ipo tangu Septemba 1999. Hii naivumilia zaidi kwa sababu kesi inaanza na kwisha siku hiyohiyo na yule polisi Olivia Benson bado anaigizwa kwa moyo, lakini nayo haielekei popote. Kukata mapema na kuburuza bila kikomo ninaviona kuwa kosa moja: swali la hadithi iishie wapi limeondolewa kwa mwenye hadithi na kukabidhiwa kwa mwenye matangazo.

Sitakaa sana kwenye zile tatu za NBC zinazoitwa Chicago, za wazima moto, madaktari na polisi, ila lazima niseme. Fire, Med na P.D. zinarushwa usiku mmoja, na kuna nyakati kisa kinaanzia kwenye moja, kinaendelea kwenye ya pili na kumalizikia kwenye ya tatu, kama walivyofanya Oktoba 2019 na ule ugonjwa unaokula nyama ya mtu. Mtazamaji anayefuata wazima moto peke yao anaachwa na mgonjwa mlangoni mwa hospitali, bila kujua alipona au alikufa. Ni njia ya kumlazimisha mtu anunue mbuzi watatu wakati alikuja sokoni kwa mmoja.

Kuna pia suala la Desemba. Wote mnajua Desemba ni nini kwetu Kilimanjaro: ndugu wanapanda kutoka Dar es Salaam, Mwanza na kwingineko, nyumba ya Kibosho inajaa hadi watoto wanalala kwenye mikeka, na usiku tunataka kitu cha kutazama pamoja. Hapo ndipo vituo vile vinaposimamisha tamthilia zao katikati ya msimu, vikiacha mtu ameshikiwa kisu shingoni, hadi Januari au hata Machi, wakati kila mtu ameshashuka kurudi kazini. Sidai kwamba Marekani ipange ratiba kwa ajili ya Kibosho. Ninasema tu kwamba mwaka jana shemeji yangu aliondoka na swali ambalo hadi leo ananipigia simu kuniuliza.

Wapo watakaosema kwamba anayechukua sizoni kwa flashi hana haki ya kulalamika. Nililipia king'amuzi kwa miaka minne, kila mwezi, kwa mshahara wa mwalimu. Tamthilia tuliyokuwa tunaifuata ilikatwa katikati ya msimu wa pili, pakawekwa kipindi kingine bila hata mstari mmoja wa maelezo kwenye kioo, na nilipopiga simu kuuliza, binti aliyepokea aliniambia nijaribu kutazama chaneli nyingine. Siku hiyo ndiyo niliyoacha kulipa. Ningepewa hadithi nzima kwa bei ya haki ningelipa kesho asubuhi.

Ninachotaka si kikubwa. Kituo kinachokata tamthilia kilipie sehemu moja ya kufungia, hata kama ni ya dakika 42 walizozoea, hata kama hakuna mlipuko wala helikopta, watu wakae mezani waseme siri ilikuwa nini. Ikishindikana kabisa, mwandishi aruhusiwe kuchapisha kurasa chache za jinsi alivyokusudia kumaliza. Mama yangu angeridhika hata nikimsomea.

Sasa naomba msaada wenu. Tangu wiki mbili zilizopita mama amekataa kuanza tamthilia yoyote mpya hadi nimhakikishie kwamba ina mwisho, na kijana wa Mbuyuni hana jibu, kwa sababu yeye anajua idadi ya faili tu. Mnaozifahamu tamthilia zilizofungwa na waandishi wenyewe, za zamani au za karibuni, naomba mziandike hapa chini pamoja na idadi ya misimu yake. Ninakwenda kibandani Jumamosi.