Maana ya "thou", "ye" na "verily": je, ni maneno ya heshima?

Maalim wa Wete

Assalaam alaykum, ndugu zangu.

Ninasomesha Kiingereza katika skuli moja ya sekondari hapa Wete, Pemba. Wanafunzi wangu wengi huenda pia chuoni jioni, na baadhi yao wamezoea kufungua tafsiri za Qurani za Kiingereza, ile ya Abdullah Yusuf Ali na ile ya Marmaduke Pickthall, ili waipate dini na lugha kwa pamoja. Wiki iliyopita kijana mmoja wa Kidato cha Tatu aliniletea ile aya ya Suratul Fatiha ambayo Yusuf Ali ameiandika "Thee do we worship, and Thine aid we seek", akaniuliza kwa nini hapa pana "thee", pale "thine" na kwengine "thou", ilhali mimi namfundisha "you" peke yake.

Nilimjibu kwamba hiyo ni namna ya heshima, kwa kuwa anayeambiwa ni Mwenyezi Mungu. Siku ya pili alirudi na ukurasa mwengine ambamo Ibilisi naye anaambiwa "thou", akaniuliza kwa adabu kabisa heshima hiyo Ibilisi ameipatia wapi. Sikuwa na jibu, na darasa zima lilikuwa likinitazama.

Naomba basi mnisaidie. "Thou" ni nini hasa? Maneno kama "lo", "verily", "hither" na "whence" niyafundishe vipi? Na je, hicho ndicho Kiingereza cha zama za kati, au watoto wanakosea wanapokiita hivyo?

Mfasiri wa Mkunazini

Wa alaykumu salaam, Maalim. Kijana wako alikuwa na haki ya kutoridhika. "Thou" ni nafsi ya pili umoja, yaani "wewe", wala haina heshima yoyote ndani yake. "Ye" ni nafsi ya pili wingi, yaani "nyinyi". Kiingereza cha leo kimeipoteza tofauti hiyo na kumwachia "you" kazi zote, lakini Kiarabu kinayo katika "anta" na "antum", na sisi tunayo, kwa hiyo mtoto wa Wete hulielewa jambo hili upesi kuliko mtoto wa London. "O ye who believe" ni "Enyi mlioamini" kama alivyoandika Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy. Ibilisi anaambiwa "thou" kwa sababu yuko peke yake.

Zilizobaki ni sura za neno hilo hilo. "Thou" hutumika anapokuwa mtenda na "thee" anapokuwa mtendwa. "Thy" ni "-ako" mbele ya konsonanti, na "thine" ni "-ako" mbele ya irabu au linaposimama peke yake, ndiyo maana Yusuf Ali ameandika "Thine aid". Katika wingi, "ye" alikuwa mtenda na "you" alikuwa mtendwa, mpaka mtendwa akamla mwenzake. Kitenzi nacho hubadilika mwishoni pale ambapo chetu hubadilika mwanzoni: "thou goest" ni "waenda", na "he goeth" ni "aenda". Wanafunzi hupenda kulibandika "-eth" kila mahali wakidhani ni pambo, wakaandika "I goeth", na hilo ni kosa sawa na kusema "mimi aenda".

Sasa nije kwenye heshima, kwa sababu hapo pana kisa. Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066 na Kifaransa kuwa lugha ya wakubwa, Waingereza waliiga taratibu desturi ya Kifaransa ya kumwita mkubwa mmoja kwa neno la wingi, hivyo bwana akaitwa "you", na "thou" ikabaki kwa mtoto, mtumishi, mpenzi, rafiki wa karibu na Mungu. Mwaka 1603, katika kesi ya uhaini ya Walter Raleigh, mwendesha mashtaka Edward Coke alimrushia "thou" makusudi ili kumdhalilisha mbele ya watu. Katika karne ile ile Makweka, kundi moja la Wakristo wa Uingereza, walikataa kumwita mtu yeyote "you" kwa sababu ya cheo chake, nao wakachukiwa kwa hilo. Baadaye "thou" ilipotea katika mazungumzo ya kawaida, ikabaki katika sala na katika Biblia ya mwaka 1611, na kwa kuwa watu hawakuisikia tena isipokuwa ibadani, masikio yakaanza kuipa utukufu ambao haikuzaliwa nao. Pickthall, aliyetoa tafsiri yake mwaka 1930, na Yusuf Ali, aliyeanza kutoa yake mwaka 1934, hawakuzungumza hivyo majumbani mwao. Walichagua lugha ambayo Mwingereza wa wakati wao aliihusisha na maandiko matakatifu, na kwa maoni yangu walipata faida juu yake, kwani umoja na wingi wa Kiarabu haukupotea.

"Verily" ni "hakika", na "lo" ni "tazama" au "angalia". Mara nyingi yote mawili yamewekwa kuifasiri "inna" ya Kiarabu. Hayo hayatakupa taabu. Kwa maneno ya mahali, waandikie watoto ubaoni kwamba "hither" ni kuja huku, "thither" ni kwenda huko, "whither" ni kwenda wapi, "hence" ni kutoka hapa, "thence" ni kutoka hapo, na "whence" ni kutoka wapi. Kisha uwaongezee "yonder", ambayo ni "pale" au "kule", maana Kiingereza cha zamani kilikuwa na ngazi tatu kama zetu za hapa, hapo na pale, na leo wengi wao wamebaki na mbili.

Mimi huyaogopa zaidi maneno ambayo mwanafunzi anadhani anayajua. "Meat" ilikuwa chakula cha aina yoyote, na "deer" ilikuwa mnyama yeyote kabla ya kubanwa kwenye paa na jamaa zake. Jambo hilo lisitushangaze sisi ambao "nyama" yetu imetangatanga baina ya kiumbe kinachotembea na kitoweo kilicho sahanini. "Wife" ilikuwa mwanamke tu, awe ameolewa au hajaolewa, na mabaki yake yamo katika "midwife", yaani aliye pamoja na mwanamke. "Girl" katika zama za kati aliweza kuwa mtoto wa kike au wa kiume. "Starve" ilikuwa kufa kwa sababu yoyote. "Silly" ilianza ikiwa na maana ya mwenye baraka, ikapita kwa asiye na hatia, ikaishia kwa mpumbavu. "Nice" ilipanda ngazi hiyo hiyo kutokea chini, kwani ilianza kwa mjinga. Katika Biblia ile ya 1611, "suffer" mara nyingi ni kuruhusu, "prevent" ni kutangulia, na "quick" ni aliye hai.

Kuhusu jina, hapana, hicho si Kiingereza cha zama za kati. Kiingereza cha kale kabisa ni kile cha kabla ya Wanormani, na Mwingereza wa leo hawezi kukisoma bila kukisomea. Cha zama za kati kinafika karibu na mwaka 1500, na mshairi wake mkubwa ni Chaucer, aliyefariki mwaka 1400. Humo ndimo utakutana na "swink" kwa kufanya kazi ya sulubu na "wight" kwa mtu. Shakespeare na Biblia ya 1611 vimo katika mwanzo wa Kiingereza cha sasa, nasi huwasoma kwa taabu ile ile anayoipata Muunguja anapokutana na "mato" na "nti" katika tenzi za Lamu.

Karani Mstaafu

Bi Mfasiri amesema ya kutosha juu ya vitabu, nami nitasema juu ya hati, kwa kuwa nimezeeka katikati ya makabati yake. Maalim asidhani kwamba maneno haya yako mbali na watoto wa Pemba, kwani mikataba mingi ya Kiingereza ya mashamba na nyumba iliyoandikwa zama za himaya ya Mwingereza, iliyoanza mwaka 1890, imejaa "witnesseth", "aforesaid", "hereto" na "thereof". Ufunguo wake ni mmoja. "Here" ni hati hii iliyo mkononi mwako, "there" ni kitu kilichokwisha kutajwa, na kipande kinachofuata ni kihusishi tu, kwa hiyo "thereof" ni "ya hicho" na "hereto" ni "kwa hati hii".

Mengine ni Kifaransa cha Wanormani kilichokwama mahakamani. Sheria ya mwaka 1362 iliagiza kesi za Uingereza zizungumzwe kwa Kiingereza, lakini mawakili hawakuyaacha maneno yao, hata leo wanaandika "messuage" kwa nyumba pamoja na kiwanja chake. Neno "mortgage" maana yake ni rehani iliyokufa. Huyo huyo Edward Coke aliyemtukana Raleigh alieleza kwamba mkopaji asipolipa, ardhi imekufa kwake, na akilipa, rehani imekufa kwa mkopeshaji. Wazee wetu waliowahi kuweka mikarafuu yao rehani hawakuhitaji kufasiriwa hilo.

Kijana wa Makunduchi

Shikamooni wakubwa zangu. Nina nyongeza ndogo. Katika michezo ya kompyuta na kwenye vibao vya maduka ya watalii huandikwa "Ye Olde", na watu husoma "yi". Hiyo si "ye" ya "nyinyi". Kiingereza kilikuwa na herufi moja ya sauti zetu za "th" na "dh", na katika maandishi ya mkono ilifika kufanana na "y"; wachapaji ambao hawakuwa nayo wakaweka "y" badala yake. Hutamkwa "the" ya kawaida.

Jengine ni "sennight", yaani siku saba, na "fortnight", yaani siku kumi na nne, yote mawili yakihesabu usiku. Bibi yangu, ambaye kwake usiku wa Ijumaa ni ule wa Alhamisi jua likishatua, angewaelewa watu hao bila shida.

Maalim wa Wete

Nawashukuru sana, na wewe kijana marahaba. Limebaki moja. Marehemu babu yangu alikuwa baharia, na katika pasi yake ya Kiingereza mna maneno "without let or hindrance". Ikiwa "let" ni kuruhusu, vipi mwenye pasi aombewe apite bila ya kuruhusiwa?

Mfasiri wa Mkunazini

Hiyo ni "let" nyengine, Maalim. Kiingereza cha kale kilikuwa na vitenzi viwili, kimoja cha kuruhusu na kimoja cha kuzuia, vikakaribiana kwa sauti mpaka vikawa neno moja, kama "paa" ya nyumba na "paa" wa msituni. Ya kuzuia imekufa karibu kila mahali isipokuwa katika maneno hayo ya pasi na katika mchezo wa tenisi, pale mpira wa kuanzia unapougusa wavu. Babu yako aliombewa apite bila ya kizuizi wala pingamizi, na maneno hayo mawili yana maana moja.

Maalim wa Wete

Nimelifahamu. Kesho nitaanza na Ibilisi.