Elimu na mshahara: mtafiti hupimaje?

Mkaazi wa Langoni: Assalaam alaykum ndugu zangu. Mpwa wangu hapa Lamu anataka kuwa mwanauchumi wa elimu na mishahara. Ikiwa aliyesoma sana hulipwa zaidi, mtafiti atajuaje kwamba ni shule iliyomwinua, wala si kipaji au mali ya wazazi?

Mwalimu wa Mkomani: Wa alaykum salaam. David Card, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2021, alilinganisha vijana wa Marekani waliokulia karibu na chuo na waliokulia mbali, kwa hoja kwamba umbali hubadilisha miaka ya masomo bila kubadilisha kipaji. Faida ya masomo katika mshahara aliyoikadiria ilizidi makadirio ya kawaida, yanayolinganisha tu mishahara ya waliosoma zaidi na waliosoma kidogo. Mtoto wa kisiwani Pate, aliye mbali na vyuo, angeielewa hoja hii upesi.

Binti Shela: Mwalimu, kwa heshima, wazazi huchagua pa kuishi, kwa hivyo umbali haunitoshi. Nawapendelea wanauchumi Angrist na Krueger, ambao mwaka 1991 walitumia tarehe za kuzaliwa, kwani sheria za Marekani ziliruhusu kuacha shule ukifikia umri fulani, na waliozaliwa mapema katika mwaka, walioanza shule wakiwa wakubwa kidogo, waliweza kuacha wakiwa wamesoma muda mfupi zaidi. Kijana na aimarishe takwimu kwanza, kabla ya kuchagua chuo.